Ubongo wa nzi wa matunda na uchumba wake: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hutoka kwa wanafunzi wa baiolojia, kwa walimu wao, na kwa watu waliosikia mahali kwamba nzi dume akikataliwa hukimbilia pombe, wakataka kujua kama wanataniwa. Hawataniwi. Majibu ni marefu pale penye mambo, na mafupi pale pasipo na mengi ya kusema.

Nzi anayezungumziwa ni yupi? Ndiye huyu anayeharibu maembe?

Siye, ingawa wote wawili tunawaita nzi wa matunda. Anayezungumziwa hapa ni Drosophila melanogaster, kadudu ka milimita tatu hivi, kenye macho mekundu, kanakozungukazunguka juu ya ndizi zilizoiva kupita kiasi au kwenye mdomo wa pipa la pombe ya kienyeji. Anachokifuata ni chachu inayoota kwenye tunda linalochacha. Tunda bichi halimhusu.

Yule wa maembe, Bactrocera dorsalis, ni mkubwa zaidi na ni wa familia nyingine kabisa. Jike lake hutoboa ganda la tunda likiwa bado mtini na kutaga ndani. Asili yake ni Asia, akaonekana Kenya mwaka 2003, na tangu hapo amewatia hasara wakulima sehemu kubwa ya Afrika. Tutamrudia mwishoni, maana yeye naye ana mambo yake ya uchumba.

Kuna nini cha maana kwenye uchumba wa nzi hadi maabara kubwa zihangaike nao?

Sababu zinazotajwa kwa kawaida ni za urahisi. Kwenye joto la nyuzi 25, yai huwa nzi kamili kwa siku kumi hivi. Chakula chake ni uji wa unga wa mahindi, sukari na chachu. Jeni zake zimechunguzwa tangu Thomas Hunt Morgan alipomwona dume mwenye macho meupe katika Chuo Kikuu cha Columbia mwaka 1910, kazi iliyompa Tuzo ya Nobel mwaka 1933. Na ubongo wake ni mdogo kiasi kwamba unaweza kuchorwa wote: Oktoba 2024 ilichapishwa ramani kamili ya ubongo wa nzi jike, yenye seli za neva 139,255 na maungio zaidi ya milioni 50. Binadamu ana seli za neva bilioni 86 hivi.

Sababu yenye uzito, kwa maoni yangu, ni nyingine. Mchukue dume angali pupa, yaani kwenye ganda kabla hajawa nzi kamili, mfungie peke yake kwenye kichupa, atoke, akue bila kumwona nzi mwingine. Siku chache baadaye mkutanishe na jike. Atamtongoza, na atafanya hivyo kwa utaratibu uleule wa madume wote duniani. Hakuna aliyemwonyesha. Basi utaratibu huo uko tayari kichwani mwake, umejengwa na jeni, na mtu mwenye subira anaweza kufuata njia nzima kutoka kwenye jeni hadi kwenye seli na kutoka kwenye seli hadi kwenye bawa linalotetemeka. Wanyama ambao kwao unaweza kufanya hivyo ni wachache sana.

Dume humtongoza jike vipi?

Waweke wawili hao kwenye kijichumba cha plastiki chenye upana wa sentimita moja na uwaangalie kwa lenzi. Kwanza dume husimama na kumgeukia jike. Kisha humsogelea, mara nyingi kwa nyuma au ubavuni, na kumgusa tumboni kwa ncha ya mguu wa mbele. Mguso wenyewe ni wa kufumba na kufumbua, lakini una uzito kuliko unavyoonekana, kwa sababu nzi huonja kwa miguu. Jike akiondoka, dume humfuata akijitahidi kubaki karibu. Akimfikia hunyoosha bawa moja, lile lililo upande wa jike, na kulitetemesha. Huo ndio wimbo. Jike akihamia upande wa pili, dume naye hubadili bawa. Baadaye humlamba sehemu za uzazi, hukunja tumbo lake kuelekea mbele, na kujaribu kumpanda. Mara nyingi hashindi kwa jaribio la kwanza. Wakikubaliana, hubaki wameshikana kwa dakika 20 hivi.

Alfred Sturtevant, mwanafunzi wa Morgan, alikwisha kueleza mambo mengi ya namna hii mwaka 1915, kwa macho na kalamu tu. Vitabu vya shule vimezigeuza hatua hizo kuwa orodha ya namba, moja hadi sita, na hapo ndipo wanafunzi wanapopotoshwa. Dume haendi kwa namba. Huruka hatua, hurudia, hukatisha wimbo katikati jike akibadili mwendo, huanza upya. Kila sekunde anapima jike anafanya nini. Uchumba wake ni mazungumzo, ingawa upande mmoja hutoa sauti na mwingine hujibu kwa miguu.

Ni kweli anaimba? Mbona hatumsikii?

Anaimba, ila sauti yake haifiki mbali. Ni mtikisiko wa hewa unaosikika kwa milimita chache tu, na ili kuunasa watafiti huweka maikrofoni nyeti chini ya sakafu ya kijichumba. Wimbo una sehemu mbili: mvumo laini wenye mitetemo kama 150 kwa sekunde, na milio mifupi inayofuatana kwa nafasi ya milisekunde 35 hivi. Nafasi hiyo kati ya mlio na mlio hutofautiana kati ya spishi na spishi, na jike anaijua ya kwao. Hasikii kwa masikio. Husikia kwa vipapasio vyake, ambavyo vina kijinyoya kinachosukumwa na hewa.

Mwaka 2014 maabara ya Mala Murthy katika Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, ilionyesha kwamba mpangilio wa wimbo, ambao watu walidhani ni wa kubahatisha, kwa sehemu kubwa hutokana na kile dume anachokiona na kukihisi wakati huohuo. Jike akiwa mbali au akienda kasi, dume hutoa milio. Akiwa karibu na ametulia, dume huhamia kwenye mvumo.

Jeni ya fruitless ndiyo nini?

Hii ni hadithi ya miaka mingi na inafaa isimuliwe taratibu. Mwaka 1963 mtafiti Kulbir Gill aliripoti nzi dume tasa waliokuwa na tabia ya ajabu: walitongoza madume wenzao kwa bidii ileile, na hawakuwa wakimaliza kazi kwa majike. Kwa miaka kadhaa taarifa hiyo ililala. Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Brandeis aliichukua upya katika miaka ya 1970, na mwaka 1996 timu mbili zikaitambua jeni yenyewe. (Hall ndiye huyohuyo aliyepata Nobel mwaka 2017 pamoja na Michael Rosbash na Michael Young kwa kazi ya saa ya mwili, nayo pia iliyofanywa kwa nzi.)

Dume na jike wote wana jeni ya fruitless. Tofauti iko kwenye namna ujumbe wake unavyokatwa na kuungwa kabla ya kutengeneza protini. Nzi mwenye kromosomu mbili za X hutengeneza protini iitwayo Transformer, nayo huukata ujumbe wa fruitless mahali ambapo protini ya kiume haiwezi kutokea. Mwenye X moja hana Transformer, ujumbe hukatwa kwingine, na protini ya kiume hutengenezwa. Kromosomu ya Y kwa nzi haiamui jinsia. Inahitajika tu ili mbegu za kiume zifanye kazi. Wanafunzi waliozoea habari za binadamu hukosea hapa kwenye mitihani.

Jaribio lililofunga mjadala lilichapishwa mwaka 2005 na Ebru Demir na Barry Dickson huko Vienna. Waliwatengeneza majike ambao jeni yao ya fruitless ililazimishwa kukatwa kwa mtindo wa kiume. Maumbile yalikuwa ya kike, mayai yapo, lakini wakikutana na majike wenzao walifuata, wakagusa, wakanyoosha bawa. Madume waliolazimishwa mtindo wa kike karibu waache kabisa kutongoza.

Kwa hiyo tabia nzima inaamuliwa na jeni moja?

Magazeti yaliandika hivyo mwaka 2005, na si sahihi. Protini ya fruitless hupatikana kwenye seli za neva kama 2,000 hivi, zilizotawanyika kwenye vipapasio, miguu, ubongo na kifua, na kazi yake ni kuwasha na kuzima jeni nyingine wakati seli hizo zinapokua na kuungana. Inajenga, haiendeshi. Tena haifanyi peke yake. Jeni nyingine, doublesex, hushirikiana nayo, na bila hiyo wale majike wa Vienna hawakuweza kuwa madume kamili.

Mfano ulio wazi ni kikundi kimoja cha seli kilichoelezwa na maabara ya Daisuke Yamamoto nchini Japani mwaka 2005. Dume ana seli 30 za aina hiyo, jike ana tano, kwa sababu kwa jike nyingine hufa mapema wakati ubongo unaundwa. Seli hizo ni za kuzuia, na kwa dume ni sehemu ya mfumo unaomwambia asimtongoze huyu aliye mbele yake. Hebu fikiria: ili awe mtongozaji, dume alihitaji seli nyingi zaidi za kumzuia.

Ni sehemu gani ya ubongo inayoamua kutongoza?

Jibu la kwanza lilitoka kwa nzi wa ajabu sana: wale ambao sehemu moja ya mwili ni dume na nyingine ni jike, mchanganyiko unaoweza kutokezwa maabara. Katika miaka ya 1970 Hall, na kabla yake Yoshiki Hotta na Seymour Benzer wa Caltech, chuo cha teknolojia huko California, waliwapanga nzi hao kulingana na ni tishu zipi zilizokuwa za kiume, kisha wakaangalia ni nani anayetongoza. Ikaonekana kwamba anayefuata na kunyoosha bawa lazima awe na tishu za kiume upande wa juu-nyuma wa ubongo, na upande mmoja, kulia au kushoto, unatosha. Kuimba sawasawa kulihitaji pia tishu za kiume kifuani. Yote hayo bila kuona hata seli moja ya neva iliyohusika!

Miaka 30 baadaye seli zenyewe zilionekana, palepale walipoelekeza. Huitwa P1. Ni kama 20 kila upande wa ubongo, na jike hana. Protini ya kike ya doublesex huziua zikiwa bado zinaundwa. Ukiziamsha P1 za dume kwa mwanga au kwa joto, kwa kutumia nzi walioongezewa jeni zinazoruhusu hivyo, dume huanza kutongoza hata mahali pasipo na jike. Atafuata nukta nyeusi inayotembea kwenye skrini. Atanyoosha bawa kwa kipande cha chuma kinachosogezwa kwa sumaku.

Baada ya majaribio hayo P1 ilipewa jina la utani la swichi ya mapenzi. Silipendi jina hilo. P1 inafanya kazi kama mizani ya sokoni: habari za kumhimiza dume zinaingia upande mmoja, za kumzuia upande wa pili, na kitendo hutegemea upande upi umelemea. Mguu wa mbele ukionja jike, ishara moja huja moja kwa moja kuiamsha P1, na ishara nyingine hupitia zile seli 30 za kuzuia na kuituliza. Maabara ya Vanessa Ruta katika Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, ilizirekodi njia zote mbili zikifika mahali pamoja. Na P1 ikishaamka, athari haiishi mwanga unapozimwa. Dume hubaki katika hali ya hamu kwa dakika kadhaa, macho yake yakikifuata kitu chochote chenye ukubwa wa nzi kwa makini zaidi kuliko kawaida. David Anderson na wenzake wa Caltech walionyesha pia kwamba kuamsha P1 humfanya dume awe mgomvi kwa madume wenzake. Hamu na ugomvi vimekaa mlango mmoja.

Anajuaje kwamba aliye mbele yake ni jike, na ni wa spishi yake?

Kwa ladha na harufu hasa, macho yakisaidia. Ndiyo maana hata gizani hutongoza, ingawa kwa shida. Ngozi ya nzi imepakwa mafuta mazito ambayo hayaruki hewani, kwa hiyo lazima uguse ili uyatambue. Jike wa melanogaster ana moja liitwalo 7,11-heptakosadieni, ambalo humhimiza dume. Madume wana 7-trikoseni, ambayo humzuia. Juu ya hayo kuna harufu ya kiume iitwayo cVA kwa kifupi. Dume huiacha kwa jike wakati wa kupandana, hivyo jike aliyekwisha kupandwa hunuka dume, na dume anayefuata hupungukiwa na hamu.

Hapa kuna jambo ambalo binafsi naliona zuri kuliko yote kwenye uwanja huu. Spishi ya jirani, Drosophila simulans, inafanana na melanogaster kiasi kwamba majike hutofautishwa kwa shida. Dume wa simulans akionja 7,11-heptakosadieni huacha kutongoza. Ungedhani miguu yake haina kipokezi cha ladha hiyo, au inakitumia tofauti. Mwaka 2018 maabara ya Ruta ilionyesha kwamba miguu ya spishi zote mbili hunasa ladha hiyo sawasawa. Kilichobadilika ni ndani ya ubongo: kwa melanogaster ishara hiyo huamsha P1, kwa simulans huizima. Spishi mbili zimetenganishwa na marekebisho madogo kwenye maungio yaliyo hatua chache nyuma ya mguu unaoonja.

Na jike? Yeye anasubiri tu?

Kwa miongo mingi watafiti walimwandika hivyo, kama kitu cha kutongozwa. Aibu ni yao. Dume hawezi kumlazimisha jike. Jike asipofungua vibamba vinavyoziba uke wake, hakuna kinachofanyika, hata dume aimbe mpaka usiku. Mwenye neno la mwisho ni yeye.

Bikira aliye tayari hafanyi makuu: hupunguza mwendo, husimamasimama, kisha hufungua vibamba. Tendo hilo la mwisho linaendeshwa na jozi moja ya seli zinazoshuka kutoka ubongoni hadi kwenye uzi wa neva wa kifuani na tumboni. Seli hizo hupokea habari za aina mbili. Moja hutoka kwa seli zinazousikia wimbo wa spishi yake na kuupuuza wa spishi nyingine. Nyingine hutoka kwa kikundi kiitwacho pC1, seli tano tu kila upande, zinazobeba hali ya jike mwenyewe: ni bikira au amekwisha kupandwa? Wimbo mzuri kwa jike asiye tayari haufungui kitu. Kazi hiyo ilitoka kwenye kituo cha Janelia nchini Marekani, mwishoni mwa mwaka 2020. Harufu ya cVA, ileile inayomzuia dume, kwa jike huongeza utayari.

Kwa nini jike akishapandwa huwakataa madume wengine?

Kwa sababu dume aliyetangulia amemwachia kitu. Pamoja na mbegu, majimaji yake yana protini fupi yenye asidi amino 36, iliyotambuliwa Zürich mwaka 1988 na kuitwa peptidi ya jinsia. Ndani ya saa chache jike hubadilika: hutaga mayai mengi, hula zaidi vyakula vya protini, hulala mchana kidogo kuliko alivyokuwa, na dume akimsogelea humtolea mrija wa kutagia, ishara ya kukataa isiyo na utata. Kwa kuwa peptidi hiyo imeshikilia mikia ya mbegu zilizohifadhiwa na hukatwa kidogokidogo, athari hudumu wiki moja au zaidi.

Inafikaje ubongoni? Mwaka 2008 kipokezi chake kilijulikana, na baadaye njia nzima: seli chache za hisia zilizo kwenye mji wa mimba huigundua peptidi na kunyamaza, seli zinazopanda kutoka tumboni kwenda kichwani nazo hupungua makali, pC1 hutulia. Ubikira, kwa ubongo wa nzi, ni ishara inayopigwa bila kukoma hadi peptidi ije kuizima.

Wengi hulieleza jambo hili kama dume kumtawala jike. Kuna ukweli, lakini jike naye ananufaika: mbegu anazo ghalani, na kuhangaishwa na madume humpunguzia muda wa kula na kutaga.

Dume aliyekataliwa hujifunza lolote?

Ndiyo. Ukimfungia dume kwa saa moja na jike aliyekwisha kupandwa, anayemkataa tena na tena, baadaye hupunguza juhudi hata akipewa bikira. Richard Siegel na Hall walionyesha hivyo mwaka 1979, na jaribio hilo bado hutumika kupima kumbukumbu.

Kuhusu pombe: mwaka 2012 Galit Shohat-Ophir, Ulrike Heberlein na wenzao waliwapa madume chaguo la chakula cha kawaida na chakula chenye pombe. Waliokataliwa walipendelea chenye pombe kuliko waliopandana. Katika ubongo wa waliokataliwa kiwango cha kemikali iitwayo neuropeptidi F kilikuwa chini. Kikipandishwa kwa njia ya maabara, hamu ya pombe hushuka. Nzi hawa kwa asili hula vitu vilivyochacha, kwa hiyo pombe si kitu kigeni kwao. Usimchukulie kama mlevi wa kilabuni.

Dume huchoka?

Huchoka, na ubongo unahesabu. Akipewa majike bila kikomo, baada ya kupandana mara kadhaa hamu hushuka, na hurudi polepole kwa muda wa siku tatu hivi. Kinachopanda na kushuka ni utendaji wa seli fulani zinazotoa dopamini, kemikali ya mawasiliano ya ubongo, na zinazoisaidia P1. Stephen Zhang, Dragana Rogulja na Michael Crickmore wa Harvard walilichapisha hilo mwaka 2016.

Crickmore huyohuyo alikuwa ameonyesha, pamoja na Leslie Vosshall, kwamba hata ndani ya zile dakika 20 thamani ya tendo hubadilika. Dakika za kwanza tano dume hamwachii jike hata akitishiwa maisha, maana mbegu bado hazijapita. Zikishapita, kadiri muda unavyokwenda, tishio dogo linatosha kumfanya aachie na kukimbia.

Je, haya yanasema chochote kuhusu mapenzi ya binadamu?

Machache sana, na anayekuambia vinginevyo anauza kitu. Binadamu hana fruitless. Ni jeni ya wadudu. Hakuna anachoweza kusema mtu kuhusu mwelekeo wa kijinsia wa watu kwa kumtazama nzi wa Gill. Doublesex ina ndugu zake kwetu, jeni za kundi la DMRT, mojawapo ikihusika na ukuaji wa korodani. Dopamini nayo tunayo. Kinachofanana ni mtindo wa jumla: seli chache katikati zinazokusanya habari za mwili na za nje, na kuamua.

Kama nzi anahisi mapenzi, hilo halipimiki kwa vyombo vilivyopo.

Nzi huyu ana uhusiano gani na Afrika?

Ni wa huku. Asili yake ni misitu ya kusini mwa Afrika ya kati, sehemu za Zambia na Zimbabwe. Mwaka 2018 watafiti waliripoti kuwakuta porini kwenye matunda ya mng'ongo katika vilima vya Matobo nchini Zimbabwe. Kutoka huko alifuatana na watu hadi dunia nzima. Na kuna kisa: mwaka 1995 Chung-I Wu na wenzake walionyesha kwamba majike wengi wa Zimbabwe, wakipewa chaguo, huwachagua madume wa kwao na kuwapuuza wa Ulaya, Asia na Marekani. Majike wa nje hawana ubaguzi huo. Huenda tunaona spishi ikianza kugawanyika, na mwenye kisu ni ubongo wa jike.

Mkulima anapata nini?

Kutoka kwa Drosophila moja kwa moja, si kikubwa. Lakini kanuni ileile imekwisha kutumika. Unguja ilimaliza mbung'o katika miaka ya 1990 kwa kuachia madume waliotiwa utasa kwa mionzi: jike akipandwa na mmoja wao anaridhika, na hazai. Njia hiyo hufanya kazi tu kama dume wa maabara anakubalika kwa jike wa porini, na hapo elimu ya uchumba ndiyo inayoamua pesa zimeliwa au zimezaa.

Kwa nzi wa maembe, mitego mingi hutumia methili eujenoli, kemikali inayowavuta madume kwa nguvu kwa sababu wakiila huitumia kutengeneza harufu inayowapendeza majike. Mtego unanasa dume aliyekuwa anajitengenezea marashi. Madume wakiisha, majike wanabaki bila wa kuwapanda.

Ninaweza kuwaangalia nyumbani au darasani?

Unaweza, bila vifaa. Weka ndizi iliyoiva sana kwenye chupa ya kioo, subiri nzi waingie, funika kwa kitambaa chepesi. Dume ni mdogo kidogo na ncha ya tumbo lake ni nyeusi. Jike ana tumbo lililochongoka lenye mistari hadi mwisho. Ukitaka bikira, ondoa nzi wakubwa wote asubuhi na uwakusanye majike wapya ndani ya saa nane tangu watoke, kisha watunze peke yao siku tatu au nne. Jaribu asubuhi na mapema au jioni, wanapokuwa wachangamfu. Dume akimfuata jike na jike akamtolea kimrija nyuma ya tumbo, huyo uliyemchukua si bikira, tafuta mwingine.